Gasketi ya hedi kwa Subaru ya tabo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Injini ya EJ20 ya Subaru ikishashushwa pale Unga Limited, hapa Arusha, mwenye gari anauliza pistoni, anauliza ringi, anauliza beringi za kranki. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, inasubiri hadi siku ya kufunga, kijana anatumwa mbio dukani, na kinachopatikana ndicho kinachofungwa. Huo ni utaratibu wa hatari. Kwenye Subaru ya tabo, iwe Impreza WRX au Forester, kurudia gasketi ya hedi maana yake kwa mafundi wengi ni kushusha injini nzima upya: mkanda wa taimingi utoke, oili imwagwe, kulanti imwagwe, gasketi za egzosti zinunuliwe tena, na fundi alipwe tena. Hakuna gasketi, hata ile ghali kuliko zote, inayofikia gharama ya kurudia kazi hiyo mara moja.

Nimezipanga hapa chini kuanzia ile ambayo ningemwambia ndugu yangu anunue. Nazungumzia zaidi EJ20 kwa sababu ndiyo inayotembea sana barabara ya Arusha na Moshi, ila mwenye 1JZ ya Toyota au 4G63 ya Mitsubishi anaweza kufuata mpangilio huohuo.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni

Gasketi haiokoi hedi iliyopinda. Chukua rula ya chuma iliyonyooka kwelikweli, ilaze juu ya uso wa hedi, kisha jaribu kupitisha fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) chini yake. Pima kwa urefu pande mbili, kwa upana, halafu kwa mshazari kona hadi kona. Kama kipande cha 0.05 mm kinapita mahali popote, hedi iende kwenye mashine kupigwa skimu, yaani kukwanguliwa hadi inyooke. Bloku nayo pima vivyo hivyo; watu wengi huisahau, na injini hii ina nyuso mbili za bloku, kulia na kushoto.

La pili ni ulaini. Gasketi za chuma za tabaka nyingi, zile ambazo boksi lake limeandikwa MLS, zinataka uso laini kuliko gasketi za zamani za kaboni. Cometic, kwa mfano, wanataka ukwaruzo usiozidi takriban mikroni 1.3. Karakana nyingi hazina kifaa cha kupima hilo, lakini mwambie mwenye mashine mapema kwamba unafunga gasketi ya chuma, ili apunguze mwendo wa kisu na mkato wa mwisho uwe mwembamba. Ukipata hedi yako, pitisha ukucha taratibu kukatiza mistari ya kisu. Ukucha ukikwama au ukitoa sauti ya kukwaruza, usiipokee. Tabaka la mpira lililopakwa juu ya chuma ni jembamba mno, haliwezi kujaza mifereji hiyo.

Na tafadhali, fundi asisafishe uso wa hedi kwa grainda yenye kisahani cha msasa. Kisahani kinachimba aluminiamu kuzunguka silinda bila macho kuona, na vumbi lake gumu likibaki kwenye njia za oili linakwenda kula beringi mpya. Tumia kikwangulio cha plastiki au cha mbao, dawa ya kulainisha gasketi, na subira.

1. Gasketi ya kiwandani ya Subaru, ya injini ya tabo

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni haya kuiweka juu ya zile za mashindano. Gari linalopanda Marangu wikendi, linalokwenda Karatu, linalokimbia mara mojamoja na busti (presha ya hewa ya tabo) ya kiwandani au iliyoongezwa kidogo, halihitaji zaidi ya hapo. Gasketi ya tabo ya Subaru yenyewe ni ya chuma cha tabaka nyingi, imetengenezwa kwa kipenyo cha silinda ileile ya milimita 92, kwa bolti zilezile na kwa unene ambao wahandisi walipigia hesabu ya kompresheni (kiasi hewa na mafuta vinavyobanwa silindani). Gasketi ya mashindano inatatua tatizo la silinda iliyotanuliwa au busti kubwa sana. Kama huna tatizo hilo, unalipia jibu la swali la mtu mwingine.

Namba za gasketi za hedi za Subaru huanza na 11044. Usikubali namba ya kubahatisha. Toa namba ya chasisi na namba ya injini, muuzaji akutafutie inayolingana. EJ ziko nyingi, na gasketi ya EJ25 yenye silinda ya 99.5 mm haiingii kazini kwenye EJ20 hata muuzaji aape. Pia uliza waziwazi kama ni ya injini yenye tabo. EJ25 nyingi zisizo na tabo zilitoka kiwandani na gasketi ya tabaka moja iliyopakwa kaboni, na hizo ndizo zilizoipa Subaru sifa mbaya ya kuvuja oili na kulanti kwa nje.

2. Gasketi ya chuma ya mashindano: Cometic, HKS, Tomei na wenzao

Hapa panafaa maelezo zaidi, kwa sababu vijana wengi huanzia hapa bila kujua wanachonunua.

Inakufaa ukiwa na moja kati ya haya: silinda imetanuliwa kwa pistoni za oversaizi, hedi au bloku imepigwa skimu mara nyingi na unataka kurudisha unene, au busti imepandishwa kiasi cha kuhitaji stadi za ARP (nondo zenye nyuzi na nati) badala ya bolti za kiwandani. Bloku nyingi za EJ20 za magari ya kawaida zina silinda zilizosimama wazi kwa juu, zimezungukwa na maji bila kushikwa na ukuta wa bloku. Presha ikipanda sana, silinda hutikisika kidogo kila inapowaka, na gasketi husuguliwa palepale kwenye ukingo wake. Kwa injini ya namna hiyo, chuma imara pamoja na stadi zinazokaza kwa nguvu zaidi ni pesa yenye maana.

Kipenyo cha shimo ndicho cha kwanza kuangalia. Silinda ikiwa 92.5 mm baada ya kutanuliwa, shimo la gasketi lazima liwe kubwa kuliko hapo, kwa kawaida 93 hadi 94. Ukingo wa chuma ukichungulia ndani ya silinda hata kidogo, unawaka mwekundu kwa joto na kuwasha mafuta kabla ya plagi, na pistoni hutoboka.

Kisha unene. Kuna imani mitaani kwamba gasketi nene inaokoa injini ya tabo kwa kuwa inashusha kompresheni. Tupige hesabu. Silinda moja ya EJ20, 92 kwa 75 mm, ina ujazo wa karibu sisi (cc) 499. Kompresheni ikiwa 8.0, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama sisi 71. Ukitoka gasketi ya 0.7 mm ukaenda 1.3 mm, unaongeza sisi 4 tu, na kompresheni inashuka hadi karibu 7.6. Umepata kidogo. Umepoteza nini? Ule mwanya mwembamba kati ya pistoni na hedi, unaosukuma mchanganyiko wa hewa na mafuta kuelekea kwenye plagi na kuuvuruga ili uungue vizuri. Mwanya ukiwa mpana, mchanganyiko uliojificha pembeni unaweza kulipuka wenyewe, jambo lilelile ulilokuwa unalikimbia. Busti ikiwa kubwa mno kwa mafuta unayopata kituoni, punguza busti au rekebisha tyuningi. Usinunue unene.

Stadi za ARP hazikazwi kwa kipimo cha kitabu cha Subaru. Zina kipimo chake na mafuta yake maalumu ya nyuzi, na ukitumia oili ya kawaida spana ya toki, ile ya kupimia nguvu ya kukaza, itakudanganya. Bolti za kiwandani nazo zina utaratibu wake: zinakazwa, zinalegezwa, kisha zinakazwa tena na kumaliziwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa. Fundi anayekaza hedi kwa "kusikia mkono" asiguse injini hii.

3. Stone ya Japani, na Elring, Victor Reinz au Payen za Ulaya

Stone, ya kampuni ya Ishino, inapatikana sana Afrika Mashariki na kwa gari la kawaida ni kitu cha kuaminika. Victor Reinz na Elring ni Wajerumani, na baadhi ya watengenezaji wa magari huko Ulaya hununua kwao. Kwa nini basi nafasi ya tatu? Kwa sababu kwenye seti nzima ya ovaholi huwezi kujua mapema kama gasketi ya hedi iliyomo ni ya tabo ya tabaka nyingi au ni ya kaboni. Fungua boksi mbele ya muuzaji. Tazama ukingo wa gasketi: tabaka za chuma zionekane zimeshikwa kwa ripiti ndogo, na kuzunguka kila shimo la silinda kuwe na tuta lililobonyezwa ambalo kidole kinalihisi. Kama ni karatasi nene ya kijivu yenye pete ya chuma shimoni, rudisha.

Ninavyopenda mimi ni kununua seti ya Stone kwa gasketi za vifuniko vya valvu, sili za kamu na kranki na mengineyo, halafu gasketi za hedi ziwe za kiwandani. Ongeza kitu kimoja kidogo sana kinachosahaulika: oringi ya pampu ya oili. Ikiachwa ile ya zamani iliyokakamaa, presha ya oili hushuka na injini mpya hunoki, yaani hugonga.

4. Shaba

Ni ya magari ya mashindano yanayofunguliwa mara kwa mara. Inahimili joto na presha kubwa, lakini kuziba maji ni udhaifu wake, na mara nyingi bloku au hedi huchongwa mfereji wa waya wa chuma kuzunguka silinda. Kwa gari la kwenda kazini Njiro kila asubuhi, hapana.

5. Gasketi ya kaboni kwenye injini ya tabo

Inasamehe uso wenye mikwaruzo, na ndiyo maana mafundi wengine huipenda. Injini isiyo na tabo, sawa. Kwenye tabo presha huila karibu na silinda, na kabla ya miezi mingi kupita utaona mapovu kwenye tangi la kulanti.

6. Isiyo na jina

"Bosi, hii ni Japani, chukua tu." Boksi halina namba ya spea, halina jina la mtengenezaji, bei ni ya kupendeza. Usichukue, hata kwa injini unayotaka kuuza. Atakayeinunua ni mtu mwingine wa hapahapa Arusha.

Vitu vya kununua siku hiyohiyo

Kizibo cha rejeta kipya, cha kiwandani. Arusha mjini tuko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95. Mfumo mzima unategemea kizibo kushika presha ili kulanti isichemke. Kizibo kikilegea, maji huanza kuchemka kwanza kuzunguka silinda, hedi inapinda, na gasketi nzuri uliyoinunua inalaumiwa bure. Nunua na kulanti halisi pamoja na maji yaliyochujwa madini. Maji ya bomba peke yake hula aluminiamu taratibu.

Silikoni nunua kidogo. Gasketi ya chuma hufungwa kavu, bila silikoni wala rangi, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Inakotakiwa, paka uzi mwembamba. Inayobaki humeguka, ikaenda kuziba kichujio cha pampu ya oili au chujio dogo lililo ndani ya bolti ya oili ya tabo, na tabo hufa kwa kiu.

Kuagiza

Gasketi za kiwandani mara nyingi hutoka Dar, Kariakoo na Gerezani, kwa basi, au Nairobi kupitia Namanga. Za mashindano huagizwa nje na huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo agiza baada ya kupima hedi na silinda, kabla pistoni hazijaanza kufungwa. Muuzaji apige picha ya gasketi pande zote mbili na namba ya boksi kabla hajaifunga kifurushi.

Gasketi za zamani zilizotoka kwenye injini msizitupe hadi mpya zifike. Linganisha mpya na ya zamani, tundu kwa tundu, wala si na bloku peke yake: kiwanda hufunika au hupunguza baadhi ya matundu ya maji makusudi ili kulanti ifike hadi silinda za mwisho. Ukikuta tundu lililo wazi kwenye ya zamani limezibwa kwenye mpya, mpigie muuzaji kabla fundi hajashika spana.