Roboti ya kutembeza miguu baada ya kiharusi: kwa nani inafaa

Nianze na hukumu yangu. Ukipatwa na kiharusi na mguu ukagoma kabisa kubeba mwili, roboti hii ni msaada mkubwa. Kama tayari unatembea mwenyewe, hata kwa kuchechemea, fikiri mara mbili kabla ya kulipia.

Niliyotumia ni ile ya fremu inayofungwa miguuni, jamii moja na Lokomat ya Uswisi. Unavalishwa mikanda ya kifuani na mapajani, unaning'inizwa juu ya mashine ya kutembelea (ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu), kisha fremu inabanwa kwenye paja na muundi. Mota za nyonga na goti zinapeleka mguu mbele, na kamba ndogo chini ya unyayo zinainua vidole visiburuze. Kufungwa kunakula muda, na mhudumu asikimbilie: kiungio cha fremu kisipolingana na goti lako, kila hatua inavuta ngozi. Mimi niliachwa na wekundu pajani mpaka walipoweka kitambaa laini chini ya mkanda. Kama upande uliopooza una ganzi, omba ukaguliwe ngozi kila unapofunguliwa, maana kidonda kikianza hutakisikia.

Uzuri wake ni wingi wa hatua. Kabla yake wataalamu wawili walikuwa wakinishikilia, mmoja amechuchumaa akiusogeza mguu wangu wa kushoto kwa mikono, na baada ya hatua chache sote tunahema. Humu nilipiga mamia ya hatua kwa kipindi kimoja, na ubongo hujifunza kwa kurudia.

Lakini kila mgonjwa na ajue hili: mashine inaweza kukutembeza wewe usifanye chochote. Kuna kipimo cha msaada. Kikiwa asilimia 100, roboti inabeba kazi yote. Kituo nilichoanzia waliniacha hapohapo, mhudumu yuko pembeni na simu yake, nami nikitoka sina hata jasho. Nilipohamia kwingine, dada aliyenisimamia alianza kukishusha kipimo kidogokidogo na kulegeza kamba iliyonibeba. Hapo ndipo paja lilipotetemeka! Skrini mbele yangu ilikuwa na mstari uliopanda kila nilipovuta goti kwa nguvu zangu, ukishuka nilipozembea, na yeye ananiambia, "Vuta, usiisubiri." Nilirudi nyumbani hoi, na nilifurahi mno.

Hata hivyo, nguvu za mguu sikuzipata humo peke yake. Kilichojenga paja langu zaidi ni kuinuka kitini na kuketi taratibu bila kushika popote, uzito nikiuelemeza mguu dhaifu, na kupanda kidato kimoja na kushuka, tena na tena. Fremu imekushika kiuno, kwa hiyo haikufundishi kuyumba ukajirudi, kugeuka, wala kumpisha mtu mlangoni. Hayo ni ya sakafuni, na mtaalamu awe karibu.

Utafiti nao unaelekea hukohuko. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 62 na washiriki 2440, yaliona kwamba mashine za aina hii zikiunganishwa na fiziotherapia huongeza uwezekano wa mtu kutembea bila kushikiliwa. Wanaonufaika zaidi ni walio katika miezi 3 ya mwanzo baada ya kiharusi na ambao bado hawawezi kutembea. Zikiunganishwa, jamani, si kuchukua nafasi yake.

Daktari akukague kwanza: mifupa dhaifu, vidonda, damu iliyoganda mguuni au viungo vilivyokakamaa vinaweza kukuzuia. Kisha, kabla ya kulipa, waulize nani atasimama nawe muda wote, na wataanza lini kupunguza msaada wa mashine. Wakibabaika kwenye hilo la pili, tafuta kituo kingine.