losetup na Ile P Kubwa: Herufi Moja Iliyomaliza Hesabu za Faili la .img

Wadau, karibuni. Leo hatuna simu wala spika mezani. Tunachambua amri moja ya Linux, losetup, na hasa herufi yake moja: P kubwa. Ndiyo, video nzima kwa herufi moja. Msikimbie.

losetup inaifanya Linux ilione faili kama diski halisi, yaani kifaa cha loop. Imo ndani ya util-linux, kifurushi cha zana za msingi, kwa hiyo karibu Linux yoyote ya kompyuta unayo tayari. Bei sifuri. Tusonge.

Hapa nina faili la Raspberry Pi OS, lile la kuchoma kwenye memori kadi. Nataka kurekebisha config.txt iliyo ndani, kabla sijachoma. Wengi wenu mnatumia mount, amri ya kuunganisha mfumo wa faili kwenye folda, hivi:

sudo mount -o loop pi.img /mnt

Tazama jibu: wrong fs type, bad superblock. Basi mtu anaamua faili limeharibika, anapakua upya, bando linateketea. Faili ni zima! Ile ni nakala ya diski nzima. Mwanzoni kuna jedwali la patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa), mfumo wa faili unaanza mbele zaidi. Umebisha hodi ukutani, mlango uko kule.

Njia ya kizamani ni fdisk -l pi.img, usome safu ya Start. Hapa patisheni ya kwanza inaanzia sekta 8192. Zidisha kwa 512, baiti za sekta moja, upate 4194304, hiyo ndiyo offset (umbali wa kuanzia) ya kumpa mount. Ukisahau kuzidisha, kosa ni lile lile. Na ukiifungua ya kwanza bila kuweka sizelimit (kikomo cha ukubwa), halafu ukataka ya pili, inagoma: overlapping loop device exists. Ile ya kwanza imejinyoosha hadi mwisho wa faili, imeilalia mwenzake. Kikokotoo cha nini jamani, kufungua faili tu?

Sasa angalia hii:

sudo losetup -f -P --show pi.img

Imejibu /dev/loop0. Kwako inaweza kuwa loop12 au loop20. Ukiwa Ubuntu yenye snap nyingi (programu zinazofunguliwa kupitia loop), namba za mwanzo zimeshakaliwa. -f inatafuta iliyo wazi, --show inakutajia ni ipi. Na P, mpenzi wangu P, imesoma jedwali lote na kukupa loop0p1 na loop0p2. Hakuna kuzidisha!

sudo mount /dev/loop0p1 /mnt
sudo nano /mnt/config.txt
sudo umount /mnt
sudo losetup -d /dev/loop0

Mpangilio huo usiuvuruge. Ukitangulia na losetup -d kabla ya umount, haikugombezi. Inakaa kimya, inasubiri umount ndipo iachie. Wewe unadhani umemaliza, unaanza kuchoma kadi, kumbe mabadiliko yako hayajaandikwa yote kwenye faili. Hakikisha kwa losetup -j pi.img, ikirudisha kimya, faili liko huru. Umount ikisema target is busy, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe imesimama ndani ya /mnt. Andika cd, jaribu tena.

Kinachoniudhi ni hiki. Ukiwa unaokoa data, hutaki hata baiti moja iguswe, na mount -o ro (kusoma tu) peke yake haitoshi. ext4, mfumo wa faili wa Linux, ina shajara, yaani orodha ya mabadiliko yanayosubiri; ikikuta mashine ilizimika ghafla, inaicheza shajara hiyo na kuandika kwenye faili lako hata chini ya ro. Weka -r (kusoma tu) kwenye losetup. Hapo mount inaweza kugoma kabisa, basi mpe -o ro,noload, yaani shajara isichezwe. Mafaili yaliyokuwa yakiandikwa dakika ile ya mwisho yanaweza kuonekana mabovu, lakini nakala yako iko salama. Wiki ijayo tunaingia kwenye ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, kwa hiyo jisajili, hii itakufaa.

Washindani? 7z x pi.img inafaa ukitaka kutoa vitu tu, bila sudo, ila kurudisha ulichorekebisha ndani ya ext4 haiwezi. guestmount nayo haihitaji sudo, lakini inawasha mashine pepe ndogo kwanza, unakaa unaisubiri, na libguestfs inakuja na mzigo wa vifurushi. Kwa config.txt moja? Hapana.

Ngoja nirudishe maneno kidogo. Ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), hata likipewa ruhusa zote, p1 na p2 kwa kawaida hazitokei, kwa sababu /dev ya humo ni yake peke yake, haipati vifaa vipya vinavyozaliwa baadaye. Hapo ile offset niliyoiponda ndiyo inayokuokoa, ukiiambatanisha na sizelimit. Kwa hiyo 8192 mara 512 msiisahau kabisa.

Na wa qcow2, muundo wa faili la diski la mashine pepe za QEMU, kabla hamjajaa kwenye maoni: losetup haiielewi, kwa sababu sekta hazijapangwa moja kwa moja ndani yake. Washa sudo modprobe nbd max_part=8, kisha sudo qemu-nbd -r -c /dev/nbd0 diski.qcow2, halafu sudo mount -o ro /dev/nbd0p1 /mnt. Ukimaliza, sudo umount /mnt, kisha sudo qemu-nbd -d /dev/nbd0. Na ile mashine pepe iwe imezimwa kwanza, tafadhali.