Unaenda kwa kinyozi usiyemjua Dar? Tazama wembe kwanza
Saluni za kiume Kariakoo ni nyingi, na vioo vikubwa si kipimo. Kaa kwenye benchi dakika 10, umtazame mteja aliyetangulia. Kinyozi wa kuaminika hufungua wembe mpya mbele ya mteja, huondoa nywele kwenye meno ya mashine kwa brashi, hupangusa kwa spiriti, kisha huiacha ikauke yenyewe. Anayefuta kwa kitambaa kilekile cha tangu asubuhi, mwepuke.

Taja namba ya kitana cha mashine: namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 huacha 6.

Kidevuni ndiko kwenye kazi. Nywele za kipilipili zikikatwa chini ya ngozi hujikunja na kuchoma ndani. Vipele hutoka hapo. Taulo ya moto kwanza, wembe ufuate zinakolala nywele, apite mara moja. Akivuta ngozi ili ang'arishe, mkatalie. Skrabu baada ya wembe? Hapana.