Maunti za darubini kwa bunduki ya upepo ya springi: ipi ununue ili isihame

Anayenunua bunduki ya upepo ya springi huwa na bajeti ya vitu viwili: bunduki na darubini. Maunti, yaani vile vipande vya chuma vinavyoikamata darubini juu ya bunduki, huchukua zile zilizokuja bure kwenye boksi. Kopo la kwanza la risasi halijaisha, shabaha imeanza kutangatanga, naye analaumu darubini, analaumu risasi, mwisho analaumu mkono wake. Ushauri wangu ni kuanza na maunti, ukiichagua kwa kufuata reli ya bunduki yako, na kitakachobaki mfukoni ndicho kiende kwenye darubini. Darubini ya bei ya kati iliyokamatwa sawasawa itakuhudumia miaka. Ya bei kali iliyokaa juu ya maunti inayoteleza haikusaidii chochote.

Sababu iko ndani ya bunduki yenyewe. Ukivuta trigga, springi inaisukuma pistoni nzito kwenda mbele, na bunduki inarudi nyuma begani. Papo hapo pistoni inakutana na hewa iliyobanwa mwisho wa silinda, inasimama ghafla, na bunduki inavutwa mbele. Ni mateke mawili ya pande mbili kwa muda usiotosha kupepesa jicho. La pili ndilo kali. Bunduki inaruka mbele na darubini inabaki nyuma, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva anapoondoka kwa fujo. Ndiyo maana maunti huhama kuelekea kwenye jicho la mpigaji, na kizuizi chochote utakachonunua lazima kizuie mwendo wa upande huo. Ndiyo maana pia darubini iliyovumilia bunduki ya baruti yenye teke kubwa inaweza kufa juu ya springi: nyingi zimeimarishwa kwa teke la upande mmoja tu.

Kabla hujatoa pesa, kagua skrubu zinazofunga kitako. Hulegea kwa mtikisiko uleule, na zikilegea bunduki hupiga huku na kule hata kama darubini haijasogea hata unywele. Kwenye bunduki ya kukunja mtutu, kagua pia bolti ya bawaba ya mtutu. Watu wengi wamebadilisha maunti bure kwa sababu ya skrubu mbili za kitako.

Sasa reli. Bunduki nyingi za springi zina mifereji miwili iliyochongwa juu ya silinda, inayoitwa reli ya milimita 11. Jina hilo lisikudanganye, maana upana halisi hutofautiana kati ya watengenezaji, na mwinamo wa kingo pia. Maunti inayouma vizuri kwenye bunduki ya Weihrauch ya Ujerumani inaweza kushika kwa ncha tu kwenye bunduki nyingine, na chuma kinachoshika kwa ncha kitateleza hata ukikaza mpaka skrubu ikatike. Bunduki nyingine, kama Hatsan nyingi, zina reli pana yenye mikato ya kukingama, ya aina ya Weaver au Picatinny. Ukiwa na hiyo umepata nafuu kubwa: bolti ya maunti hukaa ndani ya mkato, na mkato ndio kizuizi. Nunua maunti imara ya Weaver, isukume mpaka bolti iegemee ukingo wa nyuma wa mkato, kisha kaza. Yanayofuata yanawahusu wenye reli ya milimita 11.

Ya kwanza: maunti ya kipande kimoja yenye pini

Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote ambaye reli yake ina vitundu, na Weihrauch HW77, HW80, HW95 na HW97 ni mifano mizuri. Chini ya maunti kuna pini ndogo ya chuma inayoshuka ndani ya kitundu. Hapo kazi ya kuzuia haitegemei msuguano tena, ni chuma kimeegemea chuma. Kipande kimoja kina faida ya pili: nguvu ya skrubu zote hugawanywa kwenye urefu mzima wa reli, na pete mbili hukaa kwenye mstari mmoja bila kupinda mwili wa darubini. Sportsmatch ya Uingereza imejijengea jina kwa maunti za namna hii.

Dukani angalia mambo mawili. Pini iwe ya kuzungushwa juu na chini kwa spana ya aleni, isiwe kinundu kilichoyeyushwa pamoja na maunti. Na iwe ya chuma cha pua au chuma kigumu, kwa sababu pini laini hupinda na kukitanua kitundu cha bunduki, nacho hakirudi tena kilivyokuwa. Unapofunga, ishushe pini kitunduni, uvute maunti nyuma mpaka pini iguse ukuta wa kitundu, ndipo ukaze. Ukiiacha ielee katikati, maunti itasogea mpaka ifike ukutani, na utaseti darubini upya.

Ya pili: maunti ya kubana, kwa reli isiyo na kitundu

Usikubali fundi atoboe silinda ili upate pini. Chini ya chuma hicho pistoni inapita, na kitundu kikizidi kina bunduki imekwisha. BKL ya Marekani hutengeneza maunti ambazo hazina pini kabisa. Badala ya kibanio cha upande mmoja, mwili mzima wa maunti hujibana kwenye reli kutoka pande zote mbili, na kwa hiyo hukaa katikati ya reli wenyewe. Zikiingia kwa kubana sana, skrubu huhamishiwa kwenye matundu ya kutanulia, maunti inafunguka kidogo, inapita. Chukua ya kipande kimoja yenye skrubu nyingi. Sharti lake ni usafi: tone moja la mafuta kwenye reli linaondoa kila ulicholipia. Ninaziweka nafasi ya pili kwa sababu hiyo tu.

Wenye Diana wasome hapa kwanza

Bunduki za Diana ya Ujerumani za kukunja mtutu, kama 34 na 350 Magnum, zina tabia ya mtutu kuinama kidogo ukilinganisha na reli. Risasi inapiga chini, na mwenye bunduki anazungusha kitufe cha juu cha darubini mpaka kinakaribia mwisho. Hapo ndipo tatizo lingine linapozaliwa. Ndani ya darubini kuna mrija mdogo unaoshikiliwa na springi ndogo. Kitufe kikipandishwa sana, springi hiyo inalegea, na kila teke linauacha mrija mahali tofauti. Maunti haijahama hata kidogo, lakini shabaha inahama. Watu wengi wanaosema darubini yao ni mbovu wana ugonjwa huu.

Dawa ni maunti iliyoinamishwa mbele kiwandani, au ya kurekebishika. Kampuni ya UTG ina kipande maalumu cha kufunga juu ya reli za Diana: kinabadilisha milimita 11 kuwa Picatinny, kinafidia mwinamo, na kina kizuizi chake. Umarex nayo imeuza maunti ya Lock Down ya RWS, jina ambalo Diana ziliuziwa Marekani kwa miaka mingi. Kwa mwenye Diana inayoinama, hiki ndicho cha kwanza kwenye orodha yangu, juu ya vyote vilivyotangulia. Jihadhari na ile skrubu yenye kichwa kikubwa iliyoko kwenye reli ya modeli za zamani. Watu huegemeza maunti kwenye kichwa chake wakidhani ni kizuizi, na kichwa hukatika.

Ya tatu: vipande viwili pamoja na kizuizi cha pembeni

Kama darubini ni fupi au umbo lake linakataa kipande kimoja, nunua pete mbili na kizuizi kinachojitegemea, yaani kijipande kinachobanwa kwenye reli nyuma ya pete ya nyuma. Kinafaa kwa bunduki ya nguvu ya wastani. Kama pete moja tu ina pini, iwe ya nyuma.

Maunti inayonyonya teke

Diana hutengeneza Bullseye ZR, maunti ambayo sehemu yake ya juu huteleza juu ya vyuma viwili na kurudishwa na springi zake, ili teke lisifike kwenye darubini. Inafanya kazi, na kama una darubini ya thamani isiyotengenezwa kwa ajili ya springi, ni njia nzuri ya kuiokoa. Ila ni nzito, inaipandisha darubini, na bado inahitaji kukamatwa kwenye reli. Nisingeinunua kabla ya kujaribu ya kwanza na ya pili.

Za kuacha dukani: pete nyembamba zenye skrubu moja chini, na za kufungua haraka kwa mkono.

Nguvu ya bunduki nayo iingie kwenye hesabu. Ujerumani, bunduki inayouzwa bila leseni kwa mwenye miaka 18 ina alama ya F na haizidi jouli 7.5 (kipimo cha nishati ya risasi ikitoka mtutuni). Teke lake ni laini, na pete mbili nzuri zinaweza kutosha. Uingereza na Wales mpaka ni futi-pauni 12, kama jouli 16, na hapo pini, BKL au kizuizi cha pembeni ni lazima. Scotland unahitaji cheti tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata kwa nguvu hiyo. Marekani kuna bunduki za springi zinazopita futi-pauni 20, na kwa hizo usifikirie pete mbili kabisa. Aliyeko Kenya au Tanzania aende polisi akaulize habari ya kibali kabla hajalipia kitu chochote.

Kuhusu darubini yenyewe, muulize muuzaji jambo moja: je, mtengenezaji ameandika kwamba inastahimili bunduki ya springi? Hawke Airmax, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya bunduki za upepo. Kati ya mbili zinazofaa, chukua nyepesi, maana kila gramu juu ya reli inaongeza nguvu ya kuvuta maunti. Pima kipenyo cha mwili, milimita 25.4 au 30, kabla ya kuagiza pete. Na ukiona yote haya ni mzigo, kilengeo cha tundu kama vile vya Williams kina uzito mdogo kiasi kwamba shida ya kuhama karibu inaisha, na kwa kopo la mita 20 kinatosha kabisa. Nacho kifutie mafuta, na skrubu ya kilengeo cha mbele uikague, kwa sababu nayo hulegea.

Pamoja na maunti nunua chupa ya spiriti, gundi ya skrubu ya nguvu ya kati kama Loctite 243, na bisibisi ya kupimia nguvu. Safisha reli na meno ya maunti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Gundi iende kwenye skrubu za chini tu. Skrubu za pete kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi kama newton-mita (Nm) 2, mianya ya pande zote ikiwa sawa. Kukaza zaidi ya hapo kunaminya mwili wa darubini. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaoanzia kwenye reli na kupanda juu ya maunti, na mwingine kati ya pete na darubini. Ukikatika mstari wa chini, rudi kwenye pini. Ukikatika wa juu, pete ndizo zinazoteleza. Ikiwa yote mizima na shabaha bado inahama, angalia kitufe cha juu kimezungushwa mpaka wapi.