“Kwani chai huwezi kunywa?” Uzoefu wangu na presi ya kahawa

Naanza na yule kijana wa dukani. Nikianza na presi yenyewe, lile jagi la kioo lenye wavu wa kubonyezea kahawa, nitaisifia, hasira itapoa, na sitaki ipoe.

Duka liko Kariakoo, jina silitaji. Nilikwenda nimevifunga vipande vya kioo kwenye gazeti, na mfuko mwingine una fremu ya chuma, kifuniko na wavu, vyote vizima. Nikamsalimia vizuri. Nikamwambia, kaka, hii presi nimeinunua hapa hapa kwako juzi juzi, shida yangu ni kioo tu, niuzie kioo. Macho hayakutoka kwenye simu. “Vioo haviuzwi peke yake, mama.” Basi nibadilishie, maana boksi lenu limeandikwa kinahimili moto. Akanyoosha kidole ukutani, pale palipobandikwa karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikatoa risiti. Ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ambayo siku ya kununua niliidai mwenyewe akanuna, maana bei aliyonitajia kwanza ilikuwa “bila risiti”. Akaiangalia kwa mbali. “Hiyo ni ya TRA, mama, siyo ya kurudishia.”

Nikamuuliza, sasa kitu kazi yake ni kutiwa maji ya moto, kimetiwa maji ya moto kikapasuka, mimi nifanyeje? Hapo ndipo aliponyanyua uso. Akamtazama mwenzake wa kaunta, wakacheka, akasema: “Mama, kwani chai huwezi kunywa?”

Chai naweza kunywa. Nimekunywa chai utoto wangu wote, Kibosho, na mibuni iko nyuma ya nyumba chini ya migomba. Watu wanadhani Uchagani tumenyonyeshwa kahawa. Baba alichuma, akamenya, akaosha, akaanika, tukachambua mbovu kwa mikono mpaka jua linazama, gunia likapelekwa chama cha msingi, likaenda zake kwenye mnada Moshi mjini, na huko mwisho wake ni kwa Wajapani na Wajerumani. Sisi asubuhi chai ya maziwa. Akija mgeni mzito ndiyo linashushwa kopo la Africafe, nayo inatoka Bukoba, si kwetu.

Nikaja Dar, nikakuta kahawa kila kona, lakini ya wanaume. Kijiweni pale kuna benchi, dele juu ya mkaa, vikombe visivyo na mkono, kashata, bao au drafti, na siasa. Kahawa yenyewe nzuri, nimewahi kuagiza mtoto aniletee. Ila mwanamke ukae pale na kanga yako, kila apitaye akuulize kulikoni? Na kwenye ile migahawa ya viyoyozi, bei ya kikombe kimoja napika mboga ya siku mbili.

Ndiyo maana presi ilinifurahisha kiasi kile. Mashine ya umeme ilikuwa ndoto, na hiki ni kitu cha kubonyeza kwa mkono, umeme ukikatika hakijali. Kaka yangu ananiletea buni kutoka nyumbani akija na basi. Nazikaanga mwenyewe kwenye kikaango kizito, dirisha wazi, nageuza bila kupumzika mpaka zinaanza kualika na moshi unawaamsha majirani. Kisha nazitwanga kwenye kinu. Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kahawa nyingi za pakiti nilizokuta madukani zimesagwa laini, zinafaa kuchemshwa kwenye dele au sufuria. Ukiitia kwenye presi, unga mwingine unaziba wavu mpaka kubonyeza kunakuwa vita, mwingine unapita, na kikombe kinaisha kwa tope. Presi inataka chenga, na kinu ukikitwanga kwa uvivu kinatoa chenga safi kabisa. Kwa mara ya kwanza uvivu wangu ukawa ufundi.

Halafu kuna kile cha kutazama. Unamwaga maji kidogo, yale yaliyotoka kuchemka na kutulia, unga unavimba, unapanda juu na povu la rangi ya udongo wa kwetu, unatoa mapovu madogo madogo yanayopasuka yenyewe. Unaongeza maji. Unasubiri dakika 4, unabonyeza taratibu, na unaona wavu unashuka ukiusukuma unga chini na kahawa inabaki juu, nyeusi, yenye mafuta yanayong'aa usoni. Nilionja ile ya kwanza bila sukari nikakaa chini. Ilikuwa na uchachu kidogo, kama wa tunda, ambao kwenye kahawa sikuwa nimewahi kuujua. Kumbe hiki ndicho Wajapani walikuwa wanakifuata mlimani miaka yote ile, sisi tunakoroga majani ya chai!

Basi hapo ningeandika kwamba nunueni, kila nyumba, fungeni macho. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia wenzangu kazini.

Ikapasuka asubuhi ya Jumapili, wageni wapo sebuleni. Sikuibonyeza kwa nguvu, sikuigonga, haikuwa imetoka kwenye friji. Nilimwaga maji kama siku zote, ikalia “ta!” na kitako kikaachana na mwili mzima mzima, kahawa ikatambaa mezani, ikaingia kwenye kitambaa nilichoshonewa na mama mkwe, ikateremka kwenye kapeti. Nilivyookota vipande nikaona ufa ulipoanzia: chini, upande wa mkono, pale mguu mmoja wa fremu ulipopindishwa kwa ndani na kukikaba kioo. Miguu mingine mitatu imeacha nafasi, huo mmoja umebana. Kwenye kioo pamebaki alama nyeupe ya mkwaruzo, ndefu kama ukucha. Ukiipitisha kidole unaisikia. Maana yake kila asubuhi mimi nikinywa na kusifia, chuma kilikuwa kinakula kioo taratibu.

Kioo hicho yule kijana hakutaka hata kukitazama. Nilimwonyesha ile alama, akasema “kioo ni kioo, mama”. Si kweli! Kuna kioo cha kawaida na kuna borosilikati, ambacho kikipata joto hakitanuki sana, ndiyo maana wanakitumia maabara. Kioo cha kawaida ukikimwagia maji ya moto, ndani kinatanuka kabla ya nje, kinajipasua chenyewe. Boksi langu limeandikwa “kinahimili moto” bila kusema kioo cha aina gani. Ningejuaje?

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Hiki kifaa si cha jana. Waitaliano wa Milan, akina Attilio Calimani, walikiandikishia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1929, na umbo lake mpaka leo ni lile lile: jagi, mti, wavu. Karibu miaka mia. Lakini ukivunja jagi Kariakoo nzima hakuna wa kukuuzia jagi. Nilizunguka na rula mkononi. Kuna waliokuwa na vioo, ila kimoja chembamba wavu hauingii, kingine kipana wavu unaelea na unga unapita pembeni. Kila kiwanda kina kipimo chake, kama vile kuna tuzo ya kutofautiana. Kioo cha taa ya chemli unakipata mpaka gengeni. Cha presi hupati, na hakuna anayeona aibu. “Nunua mpya, mama, utoe kioo,” ndivyo walivyonishauri, na kwa uso mkavu.

Kwa hiyo msinunue. Hapana, sikilizeni: msinunue ya kioo kama hujaonyeshwa kioo cha akiba siku hiyo hiyo, kwenye rafu hiyo hiyo. Kwa kweli nilifikia hatua ya kusema msinunue presi yoyote, maana wiki ile nilijaribu kwenye sufuria: maji, chenga, funika, dakika zile zile, kisha nikamimina kwa chujio la chai. Ikatoka kahawa. Mume wangu akasema ni ile ile, ulikuwa unalipia bomba la chuma tu. Nikakubali siku moja. Siku ya pili nikaonja tena nikasema huyu baba hana ulimi. Unga unapita, inapoa upesi, na ile raha ya kubonyeza haipo. Siyo ile ile. Au nilikuwa nimeshaamua isiwe ile ile, sijui.

Wifi yangu, muuguzi, naye ana lake: mafuta yale ninayoyasifu wavu hauyazuii, chujio la karatasi ndilo linalozuia, na mtu akinywa sana bila karatasi yanapandisha lehemu, yaani kolesteroli. Sawa, ni kweli, nimepunguza. Lakini aliyasema akiwa na kikombe changu mkononi, anasubiri kuongezewa.

Sasa ninayo nyingine. Nimenunua duka la jirani na lile, makusudi, na nilisimama barazani na boksi mpaka yule kijana akaniona. Hii ni ya chuma tupu, kuta mbili, imenigharimu karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na mama muuzaji aliifungua mwenyewe, akaibonyeza mbele yangu, akanionyesha wavu wa akiba ndani ya boksi bila kuombwa. Haitapasuka, na kahawa inakaa na moto mpaka watoto wamevaa viatu. Kwa akili ya kawaida ni bora, na anayeuliza nitamwambia achukue hii.

Ila huoni kitu ndani. Unga unavimba gizani, wavu unashuka gizani, unabonyeza kwa kukisia. Mimi nilipenda kuona. Na kama nisingechekwa pale kaunta, kama angenitafutia kioo au hata kuniambia pole tu, ningekuwa bado naona. Mwenye kujua ninakoweza kupata kioo cha kipenyo cha sentimita 9 na nusu kwa ndani, aniambie, nauli natoa. Fremu ninayo, na ule mguu nimeshaunyoosha kwa koleo.