Kozi ya kusoma ECG: mazoezi yake yanafaa, ila karatasi ni safi mno

Nipo kwenye mafunzo kwa vitendo, na wodini hakuna kilichokuwa kikinitoa jasho kama karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Kozi niliyochukua ni ya mtandaoni, ya kulipia: video fupifupi, kisha hazina kubwa ya ECG za kufanyia mazoezi.

Video ni za kawaida. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa 0.2, gawanya 300 kwa miraba mikubwa iliyo kati ya R na R (kilele cha pigo moja na cha linalofuata), upate mapigo kwa dakika. Hayo utayapata bure kwingine. Angalau wanasisitiza kwamba hesabu hiyo haifai mapigo yakiwa hayana mpangilio. Hapo unahesabu QRS zote (mawimbi makali ya kila pigo, yenye kilele cha R) za sekunde 10, unazidisha kwa 6.

Pesa yangu ilirudi kwenye mazoezi. Majibu yanayochapwa na mashine juu ya karatasi yamefichwa, na mfumo haukufungulii jibu mpaka ujaze kwa utaratibu: kasi, mdundo, mhimili (mwelekeo wa umeme wa moyo), kisha sehemu za mchoro wa kila pigo, yaani PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini), QRS, ST (kipande kinachofuata QRS), T, QT. Inaudhi! Unaona ST imepanda waziwazi kwenye lidi (pembe za kuutazamia moyo) za II, III na aVF, unataka kuandika mshtuko wa moyo wa upande wa chini uendelee na safari, lakini unarudishwa kwenye mdundo. Ndipo unapogundua PR inarefuka pigo kwa pigo hadi QRS moja inakosekana. Kwa watu wengi mshipa unaolisha upande huo wa moyo ndio unaolisha pia kituo cha AV, kinachopitisha umeme kwenda vyumba vya chini, kwa hiyo mambo hayo mawili hupenda kwenda pamoja. Jicho lililokwisha kuridhika na ST lisingefika huko.

Sehemu nyingine niliyoirudia ni ya waya zilizobadilishana mikono. Lidi I inapinduka, aVR inaelekea juu, na mtu anaweza kudhani moyo wa mgonjwa uko kulia. Tazama lidi za kifuani, V1 hadi V6: moyo ukiwa kulia kweli, R huzidi kufifia kuelekea V6; zikiwa ni waya tu, R hukua kama kawaida.

Sasa malalamiko. ECG zao zimechaguliwa kama picha za harusi. Mgonjwa halisi anatetemeka, ana jasho, elektrodi inabanduka, mstari unapanda na kushuka na pumzi. Kibaya zaidi, unapewa umri na jinsia tu. ST iliyopanda kwenye lidi nyingi kwa kijana ambaye maumivu yanazidi akilala chali na kupungua akiinama mbele inanipeleka kwenye uvimbe wa utando wa moyo. Bila maelezo hayo nabaki kubahatisha. Wala hakuna ECG ya zamani ya kulinganishia, na wodini hilo ndilo swali la kwanza la daktari bingwa.

Kama bado unababaika na mhimili, ichukue. Kama umeshauzoea, ruka video zote uanze na mazoezi, maana muda wa kuitumia una kikomo. Na usiifanyie kwenye simu: ukikuza picha ili uhesabu miraba midogo, lidi nyingine zinatoka kwenye kioo.