Kadi ya benki ya Arusha kwenye sheli za Kenya: tathmini ya kulipia mafuta ukivuka Namanga

Tathmini hii inahusu huduma moja: kadi ya Visa inayotolewa na benki hapa Arusha pamoja na akaunti ya kawaida ya akiba, ikitumika kulipia mafuta ya gari katika safari za Kenya kupitia Namanga. Benki yenyewe siitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanazihusu kadi za aina hii kwa jumla, na machache yanayobaki ni malalamiko ambayo nimeshayafikisha yanakohusika. Nimeilinganisha na noti za Kenya pamoja na M-Pesa ya laini ya Safaricom, kwa sababu hizo ndizo njia ambazo mhudumu wa sheli ya Kajiado atakuuliza. Kwa asiyetaka kusoma hadi mwisho, hukumu yangu ni kwamba kadi hii inafaa ukishafika Nairobi, na si ya kutegemewa kabla ya hapo.

Kabla ya kuuliza utalipaje, lakini, ni vyema kuuliza utanunulia upande gani wa mpaka. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji hapa kwetu, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wenzao wa EPRA huko Kenya hutangaza tarehe 14 bei zinazoanza kutumika siku inayofuata. Katika mwaka 2025 lita ya petroli Nairobi ilizunguka kati ya shilingi 174 na 187 za Kenya, huku kwetu ikizunguka shilingi 3,000 za Tanzania. Ukiihesabu shilingi ya Kenya kwa 20 za kwetu, tangi la lita 45 lililojazwa Nairobi kwa bei ya 180 linagharimu kama shilingi 162,000, ilhali tangi hilohilo likijazwa upande wetu linasimama kwenye 135,000 hivi. Kutoka Namanga hadi Nairobi ni takriban kilomita 165, kwa hiyo gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita linaweza kuingia jijini na kurudi mpakani kwa mafuta ya Tanzania, ilimradi foleni za Nairobi zisiwe za kuua. Wengi wanaobishana juu ya kadi na fedha taslimu wangemaliza ubishi wao kwa kujaza tangi Longido au Namanga ya kwetu, wakalipa kwa Lipa Namba kama siku zote. Anayebaki na tatizo la kweli ni yule anayeendelea hadi Nakuru au Mombasa, au mwenye gari kubwa lisilojua neno kushiba.

Kwa huyo, kadi ina sifa zake. Ilikuja ikiwa imefungwa kwa matumizi ya nje ya nchi, hivyo nililazimika kwenda tawini kujaza fomu ya kuifungua na kuomba kikomo cha matumizi ya siku kipandishwe, jambo lililokamilika bila usumbufu. Katika sheli kubwa za Nairobi, zile za Rubis, Shell au TotalEnergies kwenye barabara kuu, swali la "Bosi, ni M-Pesa ama kadi?" huulizwa kabla bomba halijachomekwa, na mashine ya kadi huletwa hadi mlangoni mwa gari. Unaingiza namba ya siri mwenyewe, risiti inatoka, ujumbe wa simu unaingia, na safari inaendelea. Uzuri mkubwa wa kadi kuliko noti ni kwamba inakuruhusu kununua kwa lita badala ya kununua kwa pesa: unasema jaza, pampu inakatika yenyewe ikifika juu, na kiasi kinachotoka, hata kiwe 5,837, hakihitaji chenji ya mtu yeyote.

Gharama yake ndiyo inayotaka uangalifu. Muamala unafanyika kwa shilingi ya Kenya, lakini akaunti ni ya shilingi ya Tanzania, na katikati yake pana ubadilishaji ambao mteja haoni unavyofanyika. Kwa benki yangu, taarifa ya akaunti ilionyesha kwamba kiasi kilipitia kwanza kwenye dola ya Marekani ndipo kikaja kwenye shilingi yetu, na juu yake kukawa na makato ya matumizi ya nje. Tuseme ubadilishaji unakula asilimia 2 na makato yanakula asilimia 2 nyingine: mafuta ya shilingi 6,000 za Kenya, ambayo kwa hesabu ya njiani ni 120,000, yatakuwa yameongezeka karibu 4,800, na hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu kwa bei ile ya 3,000. Si wizi, kwa kuwa imeandikwa kwenye jedwali la tozo za benki, ila imeandikwa mahali ambapo mtu hasomi mpaka aumie. Kuna pia mashine ambazo, zikitambua kwamba kadi ni ya kigeni, huuliza kama ungependa kukatwa kwa fedha ya nchi ilikotoka. Swali hilo linaonekana kuwa la ukarimu, na jibu lake ni hapana. Ukikubali, anayepanga kiwango cha ubadilishaji ni upande wa mwenye mashine, naye ana faida yake humo. Ukichagua shilingi ya Kenya, kiwango kinabaki cha mtandao wa kadi na benki yako. Wahudumu wengine hubonyeza kitufe hicho kwa niaba yako ili foleni isogee, kwa hiyo mashine ishikwe mkononi mwako tangu mwanzo.

Kilichoishushia kadi alama katika tathmini hii ni mwenendo wake inaposhindwa. Katika sheli moja kati ya Kajiado na Isinya, ambayo nayo siitaji, mashine iliandika kwamba malipo yamekataliwa, na wakati huohuo simu yangu ikapokea ujumbe kwamba fedha zimekatwa. Mhudumu alikuwa sahihi kunionyesha karatasi yake, nami nilikuwa sahihi kumwonyesha ujumbe wangu, na mafuta yalikuwa tayari ndani ya tangi. Jambo hili lina maelezo. Ombi la malipo hutoka kwenye mashine hadi benki ya mwenye sheli, likapita kwenye mtandao wa Visa hadi benki ya Tanzania, nayo ikikubali huzishikilia fedha mara moja na kurudisha jibu kwa njia ileile. Mtandao ukikatika jibu likiwa njiani, benki yako inajua imeshakubali, na mashine haijui chochote. Fedha hizo hazijafika kwa mwenye sheli, lakini na wewe huwezi kuzitumia mpaka muamala ubatilishwe au muda wa kuzishikilia uishe. Anayeagiza kadi ipitishwe tena anaweza kujikuta fedha zimeshikiliwa mara mbili kwa mafuta ya mara moja.

Nililipa kwa noti, nikaomba karatasi ya kukataliwa, na hatimaye fedha zilirudi kwenye akaunti baada ya zaidi ya wiki moja ya kupiga simu. Hapa benki ilistahili lawama mbili. Namba yake ya huduma kwa wateja ni ile fupi ya bure, ambayo ukiwa nje ya Tanzania haipatikani, na namba ya kawaida inayoanzia na +255 haikuandikwa nyuma ya kadi. Pia tawini nilidaiwa ushahidi kwamba sheli haikulipwa, utadhani mteja ndiye anayeweza kuingia kwenye vitabu vya benki ya Kenya. Karatasi ile ndogo ndiyo iliyoniokoa, na kwa sababu hiyo nasisitiza isitupwe hata kama mhudumu anasema haina maana.

Noti hazina matatizo ya mtandao, lakini zina ya kwao. Noti kubwa ya Kenya ni ya 1,000, yenye thamani ya mara mbili ya noti yetu ya 10,000, kwa hiyo mtu aliyezoea kuhesabu kwa kwetu hutoa noti tatu akidhani ametoa kidogo. Noti za 1,000 za toleo la zamani ziliacha kuwa halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na anayebadilisha fedha mitaani kwa haraka pale Namanga azitazame moja moja. Wabadilishaji hao wanaomkimbilia dereva kabla hajafunga mlango wana kiwango kizuri mdomoni na hesabu ngumu kwenye kikokotoo; mimi hununua noti Arusha mjini, benki au katika duka lenye leseni, ingawa tangu msako wa mwaka 2018 maduka ya kubadilisha fedha hayakuwa tele kama zamani. Kwenye pampu, noti zinataka ununue kwa kiasi cha mviringo, yaani useme "weka ya elfu tatu" huku ukihakikisha namba zimeanzia sifuri, kwa sababu chenji ya shilingi 40 katika sheli ya njiani huishia kuwa pipi au ahadi.

M-Pesa ya Kenya haihitaji maneno mengi, kwa kuwa inafanya kazi. Laini ya Safaricom husajiliwa kwa pasipoti, fedha huwekwa kwa wakala yeyote ukishavuka, na kuanzia mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom Tanzania inaweza kutuma fedha kwenda ile ya Kenya, jambo linalomsaidia aliyeishiwa njiani akiwa na ndugu Arusha. Sheli ambayo mashine yake ya kadi imelala tangu asubuhi huwa na namba ya till, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, imebandikwa kwenye pampu, na mhudumu huona ujumbe wa malipo papo hapo bila kumpigia mtu. Kwa msafiri wa mara moja kwa mwaka, kusajili laini ni usumbufu usio na faida; kwa wafanyabiashara wa Arusha wanaokwenda Nairobi kila mara, nashangaa wanaobaki bila nayo.

Wasomaji wa Moshi wanaopitia Holili na Taveta wanapaswa kuwa wakali zaidi katika jambo hili. Barabara ya kwenda Voi inapita kandokando ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, sheli ni chache, na kupanga kwamba kadi itapita mahali fulani katikati ya Taveta na Mwatate ni kujitakia kulala njiani. Jaza Moshi au Himo, beba noti za kutosha tangi moja, na kadi ianze kufikiriwa ukishaingia barabara kuu ya Mombasa.

Kwa alama, naipa kadi saba kati ya kumi ndani ya Nairobi na tatu nje yake. Ingepanda ikiwa benki ingetuma ujumbe unaotaja kiasi kwa shilingi ya Kenya pamoja na kile kilichokatwa kwa shilingi yetu, badala ya kumwacha mteja agawe mwenyewe gizani, na ikiwa ingeweka utaratibu wa kupokea malalamiko ya miamala ya nje kwa simu au barua pepe, bila kumsubiri mtu arudi tawini. Aliyebakiwa na noti za Kenya wakati wa kurudi azimalizie Namanga ya upande wa Kenya, kwenye pampu ya mwisho au kwa kuzibadilisha, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutumika Tanzania Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, na mhudumu wa sheli ya Longido aliyekuwa akizipokea zamani kwa hisani sasa anatakiwa kuzikataa.